Si Kila Asiyekula Vema Anadeka

Mwaka jana nilimcheka msichana mmoja wa darasa letu aliyekuwa akila udongo kwa siri. Tulimwita "Mchwa." Alipoanza kupata kizunguzungu alipelekwa zahanati, ikaonekana kuwa amepungukiwa na damu. Tangu siku hiyo naona aibu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sisi tuna majina mawili tu: mlafi na mwenye kudeka. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lataja aina sita za maradhi ya ulaji. Ya kwanza ni kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata mtu akondeane. Ya pili ni kula kwa pupa kisha kujitapisha. Ya tatu ni kula mno bila kuweza kujizuia, wala mtu hajitapishi. Ya nne ni kukataa vyakula vingi kwa sababu ya harufu yake au hofu ya kupaliwa, si kwa hofu ya unene. Ya tano ni kula visivyo chakula, kama udongo au chaki. Ya sita ni kurudisha chakula kinywani na kukitafuna tena, kama ng'ombe acheuavyo.

Lakini tusichanganye mambo. Afungaye Ramadhani au Kwaresima si mgonjwa. Aliyekosa chakula mwaka wa ukame ana njaa, na dawa yake ni chakula. Tena wajawazito wengi nchini hula udongo unaouzwa sokoni. Desturi hiyo peke yake si maradhi ya akili, ingawa udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo.

Huenda wengine watasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mimi sikubali. Kila aina ina njia yake: mla udongo apimwe damu; ajitapishaye apelekwe kwa daktari upesi, maana kutapika mara kwa mara huharibu meno na huweza kudhuru moyo. Kukemea hakumponyi hata mmoja wao.

Basi, wenzangu, tukimwona mtu anaacha makande yake siku baada ya siku, tumwarifu mwalimu au matroni. Nanyi wazazi wetu, ulizeni kwanza kabla ya kuchapa.

Yule mwenzetu nimekwisha kumwomba radhi.