Shahada Iliyo Bahashani

Apitaye alfajiri katika barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha, saa ambayo mabasi ya mashamba ya maua hukusanya wafanyakazi wa Karagita na Kwa Muhia, hawezi kuwatambua miongoni mwa vibarua wale vijana waliohitimu vyuo vikuu, kwa kuwa mavazi yao na mwendo wao ni sawasawa na wa wenzao. Ila nyumbani, chini ya godoro, kila mmoja ana bahasha ya kaki yenye shahada, cheti cha tabia njema, na nakala za barua za maombi zisizopata jawabu. Mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, itoayo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, wanaiona ikifuka mvuke nyuma ya vilima, walakini wakifika langoni huulizwa uzoefu wa miaka kadhaa, kana kwamba uzoefu huuzwa dukani.

Ukata wao unajulikana, wala sina la kuongeza. Linaloniudhi ni tahayuri tuliyowatwika. Mama akipiga simu kutoka Njoro au Molo na kuuliza, "Kazini kukoje, mwanangu?" kijana hujibu, "Tuko salama, mama, bado nafuatilia," kisha hukaa siku mbili bila kuwasha simu. Kijiji kilichanga karo yake kwa harambee, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huanza kudai fedha zake mwaka mmoja baada ya masomo, riziki iwepo au isiwepo. Basi Krismasi haendi kwao, na mazishini hukaa nyuma kabisa, mahali ambapo hataulizwa ameandikwa wapi. Kwa fedheha hiyo huanza kujidhania kuwa ni mtu aliyeharibika, ilhali umri wake ni miaka ishirini na minne.

Kwa ajidhaniaye hivyo, historia ya Olkaria yenyewe yafaa kutazamwa. Uchimbaji ulianza mwaka 1956, na visima viwili vya kwanza, ambavyo havikufika hata kilomita moja kwenda chini, havikutoa mvuke wa kuendesha mtambo, vikaachwa. Kazi ilirejewa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukawashwa mwaka 1981. Siku hizi visima huteremka hata kilomita tatu. Kisima kikimalizwa kuchimbwa huwa baridi, kwa sababu ya maji mengi yaliyopitishwa ndani yake kupoza kekee na kuondoa vumbi la mawe; kwa hiyo hufungwa na kuachwa kwa majuma kadhaa, na vipimo huteremshwa mara kwa mara kutazama jinsi joto linavyorejea. Hakuna mhandisi akitukanaye kisima kwa ubaridi huo. Mtu atokaye chuoni baada ya miaka minne ya kumiminiwa maarifa ya watu wengine, katika fani ambayo aghalabu alipangiwa kwa alama za mtihani kabla hajajua anapenda nini, naye astahili muhula wa kurejewa na hulka yake, apimwe polepole, na kwanza kabisa ajipime mwenyewe.

Nisidhaniwe kuwa nawahubiria vijana subira. Kazi ya Olkaria iliyoachwa haikufufuka kwa kungojewa; walikuja watu wenye fedha na zana wakachimba tena. Mwajiri amwekaye mhitimu mafunzoni mwaka baada ya mwaka, kwa nauli na chai, kisha akamsifu kwa uvumilivu, anamdhulumu, na kuikubali nafsi yako hakukulazimishi kuikubali dhuluma hiyo.

Namjua kijana mmoja, mhitimu wa jiolojia, aongozaye wageni katika Korongo la Ol Njorowa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Mwanzoni aliificha shahada yake, akijiona ameshushwa. Siku moja mgeni alimuuliza maji gani yaliyochonga kuta zile, naye akajikuta akieleza kwa muda mrefu jinsi ziwa la kale, lililokuwa kubwa mno kuliko hili la leo, lilivyofurika kuelekea kusini na kulikata jabali; wageni wa kundi jingine wakasogea kusikiliza, na kiongozi wao pia. Tangu hapo hueleza kila siku, na jioni husoma juu ya miamba kwa shauku ambayo chuoni hakuwa nayo. Angali anaomba kazi Olkaria, maana mvua ikinyesha korongo hufungwa kwa hofu ya mafuriko, naye hukosa ujira. Walakini nduguze wakimuuliza anafanya nini Naivasha, hutaja korongo na wageni wake waziwazi, na Krismasi iliyopita alikwenda kwao.