ULOZI NDANI YA KALASI? NDIYO, TUUSOME!

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, sikieni.

Wako watu wanaosema: kitabu cha hadithi chenye mambo ya ulozi na mizimu kisiingie katika kalasi, kitaharibu watoto. Tunawauliza: watoto hao hawasikii ulozi kila jioni nyumbani, tena bila kitabu? Baba akianguka kazini, ulozi. Mtoto akikojoa kitandani, yeye ndiye mlozi, anafukuzwa usiku. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inampeleka msingiziaji buloko. Enyi wenye kuogopa kitabu, mbona sheria hiyo hamwiogopi?

Sisi tunakitaka kitabu, na jina lake tunalitaja: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilitoka 1960, mwaka wa uhuru wetu, mji huu ungali unaitwa Jadotville. Maiti inaonekana penye mizimu, watu wanatetemeka. Bwana Msa na kiko chake hatetemeki. Anatazama, anauliza, anapima maneno ya kila mtu. Mwuaji hatumtaji, msomaji ajionee mwenyewe. Lakini si mzimu.

Mwalimu asome, afunge kitabu pale penye hofu kubwa, aulize kalasi: ninyi mnadhani nani? Kwa sababu gani? Mtoto aliyezoea maswali hayo, na kwa Kiswahili chake, si rahisi kumdanganya akiwa mkubwa.

Julai 2004, huko Shinkolobwe, shimo liliporomoka likaua wachimbaji 8. Mahali pale palikuwa pamekwisha kufungwa kwa amri ya Rais tangu Januari. Ukisema "ni ulozi", maneno yamekwisha, twende tukalie. Lakini aliyesoma habari za Bwana Msa atauliza: waliingia kwa ruhusa ya nani? Mawe yao alinunua nani? Ukuta wa shimo nani aliupima? Maswali haya yanawasumbua wakubwa kuliko mizimu yote ya Katanga!

Basi tunadai kitabu hiki kiwekwe katika shule za Likasi. Na mzazi anayekataa aje Jumapili, baada ya misa. Tutamsomea sisi wenyewe, kisha atuambie ni ukurasa gani uliomfundisha kuloga.