Asemaye Kiswahili Asiogope Kihispania

Wako watu wanaowaambia vijana wetu kwamba sarufi ya Kihispania ni ngumu mno, na kwamba atakaye kujifunza sharti aipitie kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakina cha kumsaidia. Msomaji wangu, maneno hayo huvunja moyo, tena si kweli. Hebu tuyapime.

Husemwa kwamba majina ya Kihispania yana jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na sifa hulazimika kuyafuata. "Libro blanco" ni kitabu cheupe. "Libros blancos" ni vitabu vyeupe. "Casa blanca" ni nyumba nyeupe. Je, jambo hili ni geni kwako? Tangu utotoni hujasema "vitabu cheupe". Wewe uliyezoea ngeli nyingi, mbona utishwe na mbili? Hata jina lidanganyalo kwa umbo lisikushtue. "Mano", yaani mkono, huishia kwa o na bado ni la kike. Nasi pia twasema kipepeo mweupe, ingawa neno lenyewe huanza kama kitabu.

Tazama kitendo. Afikiriye kwa Kiingereza huweka "yo", yaani mimi, mbele ya kila kitendo mpaka msikilizaji achoke. Lakini "hablo" peke yake ni "nasema". Nafsi imo ndani ya kitendo, kwao mwishoni, kwetu mwanzoni.

Mtu huyo huyo akitaka kusema "nataka useme", huandika "quiero tú hablar", na hilo ni kosa. Sahihi ni "quiero que hables". "Hablas" imekuwa "hables", kama vile "unasema" ilivyokuwa "useme". Kweli, vitendo vingine vya Kihispania hugeuka kinyume, e ikawa a. Lakini maana yake unayo tayari kinywani mwako.

Tena, "veo la casa" ni "naona nyumba", bali "veo a la maestra" ni "namwona mwalimu". Penye mtu, wao huongeza "a". Sisi huongeza "mw". Kiingereza hakina alama hiyo, basi kitakufundishaje?

Sidai kwamba njia yote ni tambarare. "Ni" yetu hugawanyika kwao mara mbili. "Es maestra" ni "yeye ni mwalimu", lakini "el té está caliente" ni "chai ni moto", kwa kuwa moto ule ni hali tu, nayo itapoa. "Yuko nyumbani" ni "está en casa". Hapo pana kazi, na kazi haiepukiki ila kwa mazoezi.

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi nyingi za Amerika, na hata hapa Afrika, katika Guinea ya Ikweta. Kijana anayeambiwa kwamba lugha yake haifai kitu hupoteza zaidi ya somo moja. Hupoteza imani katika akili yake mwenyewe.

Basi, chukua daftari lako. Upande mmoja andika sentensi ya Kihispania, upande wa pili ya Kiswahili, uzilinganishe. Asiyeitumia mali aliyo nayo asilalamike kwamba ni maskini.