Kifafa na Nguruwe wa Songwe

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ni mji mdogo wa milimani usio mbali na mpaka wa Malawi, na katika halmashauri yake, kama ilivyo katika halmashauri zote za Tanzania, Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Mifugo ni watumishi wa mwajiri mmoja na huketi katika vikao vimoja. Walakini mmoja hupokea miongozo ya kazi yake kutoka Wizara ya Afya, na mwenziwe kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na fedha za huyu hazichanganyiki na fedha za yule. Kwa maradhi mengi mgawanyo huu hauna dhara. Kwa kifafa una dhara kubwa, maana sehemu isiyo ndogo ya kifafa katika nchi ambako nguruwe hufugwa huru na vyoo ni haba huanzia katika matumbo ya mtu, hupita kwa nguruwe, humrudia mtu, na kuishia katika ubongo. Na maradhi yenye safari ya namna hiyo hayana ofisi iliyo tayari kuyaita yake.

Sharti kwanza tuieleze safari yenyewe, kwani wengi waijuao huijua nusu. Tegu wa nguruwe aliyekwisha pevuka haishi penginepo ila katika utumbo wa mwanadamu, ambamo hukua akafikia urefu wa mita kadhaa bila ya mwenye kumbeba kuona taabu ya kutajika, na kila mara hudondosha vipande vya mwili wake vilivyosheheni mayai kwa makumi ya maelfu, vikatoka pamoja na choo. Nguruwe aachwaye kuzurura akila choo kile, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viluwiluwi vyake hutoboa utumbo, huingia katika damu, na kutua katika nyama, ambamo hujijengea vifuko vyeupe vya majimaji mithili ya punje za mchele. Mtu akiila nyama hiyo haijaiva sawasawa, hupata tegu, hapati kifafa. Kifafa huja kwa njia ya pili, nayo ni kuyameza mayai yenyewe, yaliyotoka kwa binadamu, kwa njia ya maji, mboga za majani, au mikono isiyooshwa ya mtu aliyebeba tegu. Hapo mwili wa mtu huwa umeshika mahali pa mwili wa nguruwe, na vifuko vile hutua katika misuli, katika macho, na katika ubongo.

Katika ubongo vifuko hukaa kimya, aghalabu kwa miaka mingi. Kwa kawaida taabu huanza pale vinapoanza kufa, ndipo mwili unapovitambua kuwa ni vitu vigeni na kuvishambulia, na ule uvimbe unaozuka pembeni mwake huzichokoza chembe za ubongo hata zikatoa umeme wake kwa fujo, mtu akaanguka. Hata kifuko kilichokwisha kufa na kugeuka kikovu kigumu huweza kuwa chanzo cha kuanguka maisha yote. Wakoloni wa Kiingereza walilijua jambo hili kwa gharama ya askari wao wenyewe: waliotumikia India walirudi kwao wakiwa wazima, kisha baada ya miaka wakaanza kupatwa na kifafa, na uchunguzi wa matabibu wa jeshi uliochapishwa mwaka 1961, uliowahusu wagonjwa 450, ulionyesha wazi kwamba baina ya kumeza mayai na kuanguka mara ya kwanza huweza kupita miaka mingi. Basi si ajabu mwanakijiji asiyaunganishe mambo hayo mawili. Nani akumbukaye maji aliyokunywa miaka mitano iliyopita?

Msomaji wa pwani, ambaye nyama ya nguruwe ni haramu kwake, yamkini amekwisha kujihesabu nje ya habari hii. Asifanye haraka. Mwaka 1992 matabibu wa Marekani walitoa habari za Mayahudi washikamanao na sharia ya dini yao katika jiji la New York, watu ambao nguruwe hakuwahi kuingia majikoni mwao, waliopatikana na vifuko vya tegu katika ubongo. Na upelelezi ukaonyesha kuwa chanzo kilichodhaniwa ni watumishi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye tegu, ambao waliwapikia. Mlango wa kifafa hiki ni mkono wa mpishi, wala haufungwi kwa kujizuia na nyama peke yake.

Ama kuhusu nyanda zetu, ushahidi haukosekani. Utafiti uliofanywa katika vijiji 13 vya Wilaya ya Mbozi, jirani ya Ileje, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwapima watu 830, na kati yao asilimia 5.2 walionekana kubeba tegu matumboni, ilhali asilimia 16.7 walikuwa na dalili katika damu ya kuwa na vifuko hai mahali fulani mwilini. Si kila kifuko hutua kichwani, na si kila kilichotua kichwani huangusha. Lakini Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba katika nchi zenye tegu takriban asilimia 30 ya kifafa chote chatokana na vifuko hivi, na katika jamii zenye hatari zaidi huweza kufikia asilimia 70. Na nguruwe wa Mbozi hawaliwi Mbozi tu. Husafirishwa hadi Tunduma, ambako malori ya kwenda Zambia hulala foleni na madereva hula kitimoto, na hadi Mbeya, na hata Dar es Salaam.

Hali ya mgonjwa mwenyewe yajulikana, na nitaigusa kwa uchache. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika jinsi Wapogoro wa huko walivyoogopa mate na pumzi ya mtu aliyeanguka, hata aliyeangukia motoni akakosa wa kumtoa. Hofu ya namna hiyo haikuwa ya Mahenge pekee, na katika milima yenye baridi, ambako jiko la kuni ndilo linalokusanya watu wa nyumba, moto huwa karibu siku zote. Katika nyanda za juu za Papua ya Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, matabibu walianza kushangazwa na wingi wa watu walioungua vibaya usiku, kisha wakagundua kwamba nguruwe walioletwa kutoka mbali walikuwa wamekuja na tegu, na kwamba watu wale walikuwa wakipatwa na kifafa usingizini karibu na moto. Yaani maradhi ya ubongo yaligunduliwa kwa makovu ya ngozi.

Sasa tuje kwenye suala lenyewe, nalo ni hili: serikali ielekeze wapi mkono wake, na gharama aibebe nani?

Wapo wasemao kwamba mgonjwa atangulie. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa ya siku nyingi na ya bei ndogo, na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangetibiwa sawasawa, ilhali katika nchi maskini robo tatu yao hawapati matibabu. Hoja hii sina la kuipinga. Naongeza tu kwamba dawa ya kifafa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kuikatiza ghafla huweza kuleta maanguko ya mfululizo yanayoua. Na kwamba kumpeleka mwenye kifafa katika kliniki ya afya ya akili, kama ilivyo desturi yetu, kumewafanya jamaa wengi wamfiche mgonjwa wao kuliko kumtoa. Lakini dawa humtuliza aliyekwisha kupatwa. Haimzuii wa mwakani.

Wapo wa pili, nao ni wengi zaidi katika vikao, wasemao: chimbeni vyoo, fungeni nguruwe, na asiyetii atozwe faini. Kwa upande wa vyoo wana historia ya kujivunia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu wapatao milioni mbili, na vyoo vilichimbwa kwa wingi usiopata kuonekana. Na katika miaka hii ya karibuni kampeni ya Nyumba ni Choo imejaribu kuufufua moyo ule. Ila choo kina taabu moja isiyosemwa: katika kijiji chenye nyumba mia, nyumba tano zisizo na choo, zikiwa na mtu mmoja mwenye tegu, zaweza kutosha kuwaambukiza nguruwe wengi wazururao. Na kuhusu banda, mwenye kuandika sheria ndogo ajiulize kwanza nguruwe aliyefungwa atalishwa nini. Mfugaji wa nguruwe wawili au watatu huwafuga kwa sababu wanajitafutia. Pumba hununuliwa, na mahindi ni chakula cha watoto. Akilazimishwa kufunga bila ya msaada wa lishe, atafunga siku ambayo afisa anakuja, na kufungulia kesho yake.

Fauka ya hayo, ukaguzi wa nyama wenyewe umejengwa juu ya hasara ya mnyonge. Wachuuzi wa nguruwe wanajua kumpindua mnyama na kuuvuta ulimi wake nje ili kutazama vifuko chini yake. Akionekana navyo, bei hushuka au mnyama hurudishwa. Akipelekwa machinjioni, mzoga wote huweza kutupwa, na mwenye mali hapewi hata senti. Matokeo yake ni dhahiri shahiri: nguruwe mwenye vifuko huchinjwa nyuma ya nyumba, jioni, na nyama yake huuzwa kwa bei rahisi kwa wale wasioweza kununua nyingine. Sheria ambayo humwadhibu mtu kwa kuleta mnyama wake apimwe haifai kuitwa kinga.

Njia ya tatu ni kuwatibu wote wawili, mtu na nguruwe, kwa wakati mmoja. Nayo imejaribiwa. Katika mkoa wa Tumbes, kaskazini mwa Peru, matabibu waliwapa watu dawa ya tegu na nguruwe dawa ya oksifendazoli pamoja na chanjo, na kazi hiyo, iliyomalizikia katika vijiji 107 vyenye watu zaidi ya 81,000 na nguruwe zaidi ya 55,000, ilisimamisha maambukizi karibu kila mahali. Hapa kwetu, utafiti wa Mbozi na Mbeya Vijijini ulionyesha kwamba prazikwanteli wanayopewa watoto wa shule kwa ajili ya kichocho hupunguza pia tegu, ingawa hakuna aliyeigawa kwa nia hiyo. Oksifendazoli ni dozi moja ya kumnywesha mnyama. Huviua vifuko katika nyama, na kwa miezi mitatu hivi mnyama aliyetibiwa hashikwi tena kwa urahisi.

Tahadhari ipo, na wapenzi wa njia hii aghalabu huipita haraka. Prazikwanteli huingia katika damu na kufika kichwani, na mtu mwenye vifuko vilivyonyamaza huweza kuanguka baada ya kuimeza, kwa kuwa vifuko vimeanza kufa. Nikilosamidi, dawa nyingine ya tegu, kwa kuwa haivuki utumbo, haina hatari hiyo, na kwa watu wazima wa nyanda hizi ndiyo ningeichagua hata kama yagharimu zaidi. Ugawaji wa dawa kwa umma mzima bila ya muuguzi wa kuwafuatilia watu siku zinazofuata ni uzembe, na mtu mmoja aliyeanguka mbele ya majirani baada ya kumeza dawa ya serikali atatosha kuivunja kazi ya miaka.

Yabaki suala la mlipaji, na hapa ndipo nionapo kosa la msingi katika mawazo yetu. Homa ya nguruwe ilipoingia Kyela mwaka 2010, wafugaji na serikali walishughulika kwa pamoja bila ya kubembelezwa, kwani homa ile huua nguruwe, na hasara huonekana asubuhi. Tegu hamuui nguruwe. Mnyama mwenye vifuko hunenepa, huzaa na kuuzwa, na mfugaji akiambiwa anunue dawa kwa fedha yake mwenyewe, anaombwa kugharimia ubongo wa mtu asiyemjua ambaye ataanguka miaka mitano ijayo. Si uchoyo akikataa, ni hesabu. Kwa hiyo dawa ya nguruwe, katika nyanda hizi, ihesabiwe kuwa ni kinga ya maradhi ya binadamu, ilipwe kutoka fungu la afya, na inyweshwe na watu wa mifugo; na mzoga unaotupwa machinjioni ulipiwe fidia, japo kidogo. Mwaka 2022 mataifa yaliyokutana katika Baraza la Afya Duniani yalipitisha mpango wa kupambana na kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu hadi mwaka 2031, nao wahimiza idara mbalimbali zishirikiane. Halmashauri ya Ileje haihitaji kungoja Geneva, kwani Mganga Mkuu na Afisa Mifugo wake tayari huketi katika vikao vimoja.

Wangeanza na kalenda. Nguruwe wengi wa kusini huchinjwa Krismasi na Pasaka, na vifuko vilivyouawa huchukua majuma yapatayo kumi na mawili hadi kutoweka katika nyama, wala nyama ya mnyama aliyenyweshwa dawa haifai kuliwa katika majuma ya mwanzo. Basi dawa itolewe si baada ya mwanzo wa Septemba, mashamba yakiwa yamekwisha kuvunwa na nguruwe wamefunguliwa, na kazi hiyo ipatane na ya wenzao wa Chitipa, ng'ambo ya mpaka wa Malawi, ambao wanyama wao hawapitii kituo cha mpakani cha Isongole.