Kabla ya Kumchapa, Mpimeni Macho

Ndugu zangu, wiki iliyopita katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam nilimshuhudia binti wa darasa la nne akichapwa mbele ya wenzake kwa "uzembe". Niliomba kuliona daftari lake. Ubaoni palikuwa na 38 mara 6. Yeye alinakili 33 mara 6, akapata 198. Hesabu zote alizinakili vibaya, na zote alizipatia. Mtoto huyu ana akili timamu. Haoni ubao! Anakaa nyuma, anafinya macho, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Sababu tunazijua: madarasa yamefurika, wataalamu wa macho ni wachache, miwani ina bei. Lakini kuchangishana kwa ajili ya harusi na mahafali tunaweza. Kwa macho ya watoto wetu tumekaa kimya, kisha matokeo yakitoka tunawaita vilaza. Huu ni ukatili, na sote tumeushiriki.

Kupima hakuhitaji mashine. Bandikeni ukutani chati ya herufi E zinazoelekea pande tofauti, mtoto asimame mita 6, afunike jicho moja kwa kiganja, aoneshe kwa vidole E inaelekea wapi. Kisha jicho la pili. Hata asiyejua kusoma anaweza. Akishindwa, aende hospitali, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo mzazi afuatiliwe. Wenzetu wa Trans Nzoia, Kenya, walilithibitisha hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018: walimu walipima kwa simu za mkononi, wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi, na watoto 54 kati ya kila 100 walioelekezwa hospitali walifika. Katika shule zilizofuata utaratibu wa kawaida walifika 22 tu.

Msisubiri darasa la nne. Jicho lisilopata picha safi utotoni, ubongo huzoea kulipuuza, na ukichelewa sana hata miwani haimrudishii mtoto uoni wote. Mwenye makengeza apelekwe mapema. Ukiona weupe kwenye mboni, usingoje hata wiki. Na wale wanaosema miwani inaharibu macho ya mtoto, waacheni na maneno yao, si kweli.

Madiwani, tengeni fungu la miwani katika bajeti ya halmashauri. Kamati za shule, simamieni. Wazazi, Januari shule zikifunguliwa, msitoke kwenye kikao cha kwanza kabla hamjapewa tarehe ya kupima macho.

Nanyi walimu wetu, najua mzigo mlionao, lakini nawasihi: mtoto akinakili vibaya, mleteni kwanza dawati la mbele, muone kama kosa litabaki. Fimbo iwekeni chini.