Mgeni Arudiaye Diani

Watu wa Uswisi na Austria, ambao wengi wao tumewaona wakipita hapa Ukunda kwenda Diani, wana ada huko kwao ya kuukwea mlima mmoja kila majira ya baridi na kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu walizofunga miguuni, na aghalabu mlima huo ni ule ule ambao wazazi wao waliwapeleka utotoni, ijapokuwa iko mingine mirefu zaidi na yenye anasa kubwa zaidi. Ada hiyo hawaiachi wavukapo bahari. Kwa hiyo hunistaajabisha kuona matangazo ya utalii wa pwani yetu ya kusini ya Kenya yakimsemesha daima mtu asiyewahi kufika, wala yasiwe na neno kwa yule ajaye Diani tangu ujana wake.

Huyu ndiye mwenye thamani, na dalili yake huonekana wakati wa shida. Machafuko ya Agosti 1997 huko Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaliifukuza biashara ya wageni. Na Mei 2014, Uingereza ilipowashauri raia wake wasiende Mombasa na sehemu ya pwani yake ila kwa dharura, makampuni ya safari yaliwaondoa watu wao kwa ndege, ilhali Diani yenyewe haikutiwa katika onyo lile. Mgeni mpya atajuaje kwamba Likoni si Galu, ufuo ulio kusini mwa Diani? Mzoefu anajua, maana ana mtu wa kumpigia simu.

Nini basi humrudisha? Mchanga mweupe hautoshi, kwani Watamu upo na Zanzibar upo. Mpenda tiara za baharini, asimamaye juu ya ubao akavutwa na upepo, huifuata Galu kwa kuwa ameshaijua: kwamba kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, kwamba kusi hushika nguvu mwezi Juni, kwamba mwamba wa nje huvunja mawimbi hata maji ya ndani yakatulia, na kwamba bamvua likipwa ubao hauna pa kupita, akangoja saa yake. Anajua pia kwamba kusi huleta mwani, ukalala ufuoni chungu chungu na harufu yake. Mgeni mpya huenda mapokezi kulalamika na kutaka uzolewe; mzoefu huuruka akaenda zake kuoga, nami niko upande wake, kwa kuwa mwani huo huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Juu ya barabara huwatazama mbega wakivuka kwa ngazi za kamba, walizofungiwa na watu wa shirika la kuwahifadhi lililoasisiwa 1997. Na katika msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ulioingia katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, hukubali kufungwa nguo nyeusi kiunoni na kumfuata mwenyeji kimya.

Lakini kubwa kuliko yote ni mhudumu asiyemwuliza nambari ya chumba, bali humwuliza kama mjukuu ameanza shule.

Na hapa ndipo tunapojiharibia wenyewe. Njia za kushukia pwani, ambazo wavuvi wa Kidigo walizipita kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa, huzibwa moja baada ya moja kwa kuta, na serikali ya kaunti ya Kwale ingefanya hisani kuzifungua kabla ya kuandaa tamasha jingine. Lililo zito zaidi ni la masika. Mvua za Aprili na Mei zikianza, vyumba vikawa vitupu, wafanyakazi wa miaka mingi huambiwa wakangoje nyumbani bila ya ujira, na wengi hawangoji: huenda Doha au Dubai, wakaajiriwa kwa ule ujuzi walioupata kwetu. Mgeni arudipo Julai huwakuta vijana wapole, wenye adabu, ambao hawamjui hata jina. Wenye hoteli watasema kwamba kuwalipa angalau nusu mshahara kwa miezi hiyo miwili ni gharama, nami sikatai. Ila wakiipiga hesabu hiyo, waandike kando yake fedha wanazotoa kumtafuta mgeni mpya Frankfurt na London, ambaye hawajui kama atarudi.