Mkanda Mpya, Kikaza Kikuukuu

Jamaa mmoja tumjuaye vema ana motokaa kuukuu, nayo ndiyo imlipiayo karo ya watoto wake. Asubuhi huchukua wanafunzi, mchana huchukua akina mama na mizigo yao ya sokoni. Siku moja motokaa ilianza kupiga kelele kali kila alipoiwasha. Fundi akafunua boneti, akatazama, akasema: «Baba, mkanda huu umekwisha, na kikaza chake kimekwisha vilevile. Tubadili vyote viwili.» Jamaa yetu akahesabu fedha zake, akanunua mkanda peke yake.

Wiki tatu baadaye, alipokuwa akipanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola, mkanda mpya ukaruka. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Akasema moyoni: «Nifike kwanza kileleni.» Kufika alifika, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuchemka, na kichwa cha injini kimepinda. Matengenezo yakala karo ya muhula mzima.

Tusimcheke, maana wengi wetu tungalifanya kama yeye. Afadhali tujifunze.

Mkanda ulio mbele ya injini huzungusha alteneta itoayo umeme, na katika motokaa nyingi huzungusha pia pampu ya maji na pampu ya usukani. Usiuchanganye na ule uliofichwa ndani ya kifuniko, upangao mwendo wa vali. Huo ni kazi nyingine. Na kikaza je? Ni mkono wenye springi, na mwishoni mwake puli ndogo izungukayo juu ya beringi. Kazi yake ni kuusukuma mkanda usilegee. Springi ikichoka, mkanda huteleza, hupata joto na kulika. Beringi ikilegea, puli hukaa upande, na mkanda hulika ukingoni hata uruke. Basi mkanda uliokufa kabla ya siku zake, mara nyingi umeuawa na jirani yake.

Wengine hudhani kwamba mkanda usio na nyufa ni mzima. Sivyo. Mikanda ya zamani ilionyesha uzee wake kwa nyufa. Lakini mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira uitwao EPDM, nao hulika kama tairi, mifereji yake ikipanuka polepole pasipo kupasuka. Tena usiupake mkanda mafuta wala sabuni ili unyamaze. Huko ni kumziba mgonjwa kinywa badala ya kumtibu.

Ukitaka kuubadili, ngoja injini ipoe, chomoa ufunguo, fungua waya hasi wa betri. Chora kwenye karatasi njia ya mkanda, puli kwa puli, kabla ya kuutoa. Wengi wamejuta kwa kuiamini kumbukumbu yao. Tia spana ndefu kwenye kikaza, kizungushe mpaka mkanda ulegee, uutoe, kisha ukirudishe polepole, maana springi ina nguvu ya kuumiza vidole. Sasa zungusha kila puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikiyumba, beringi imekufa. Mkono wa kikaza nao uende na kurudi sawasawa, bila kukwama.

Dukani, soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa mkanda. 6PK1750, kwa mfano, maana yake mkanda wa mbavu 6, wenye urefu wa milimita 1750. Usikubali «huu unakaribia». Ukiuvika, hakikisha kila ubavu umeingia katika mfereji wake, kwenye puli zote. Washa injini kidogo, izime, utazame tena.

Na taa ya betri ikikuwakia njiani, hasa pamoja na joto kupanda, simama papo hapo, hata kama kilele kiko mbele ya macho yako. Kusubiri msaada kando ya njia ni aibu ya saa moja; kuendelea ni hasara ya mwaka.

Hatukatai kwamba kikaza huweza kuwa ghali kuliko mkanda wenyewe. Lakini jamaa yetu, aliyekwisha kuvinunua vyote viwili na kulipia kichwa cha injini juu yake, sasa huwaambia wenzake: «Mimi sikununua kikaza kwa bei ya dukani. Nilikinunua kwa karo ya watoto.»